Anawe au Anywe

Atieno mwanangu,

Umeenda Kedowa na baba yako kumuaga shangazi, na najua hatawaachilia kabla hajawalisha na kuwaombea, kwa hivyo mchana huu wote ni wangu. Mvua imeanza kukusanyika upande wa kiwanda cha chai. Nimefunga ng'ombe, nimeanua nguo zako, nimekaa mezani na kalamu.

Sitakuandikia habari ya blanketi, wala ya kula vizuri, wala ya kuchagua marafiki. Hayo nimeyasema tangu matokeo yatoke, mpaka siku hizi nikianza sentensi unaimalizia wewe. Nataka kukuandikia juu ya zile chupa zilizo ndani ya sanduku lako.

Nilizikuta leo asubuhi nikitafuta mahali pa kuingiza sweta. Chupa ishirini na nne za mafuta yetu ya parachichi na alovera, umezipanga katikati ya shuka zisivunjike. Nilifurahi. Nilisema, huyu kweli ni mtoto wangu, hajafika chuoni na tayari amefikiria wateja. Halafu nikasoma lebo uliyochapisha kule Bomet mjini, na nikakaa chini sakafuni.

Nimezibandua lebo zote. Nilitumia maji moto na kisu cha jikoni, na vidole vyangu bado vina gundi. Najua utakasirika. Kasirika, lakini soma kwanza mpaka mwisho, kwa sababu kuna jambo nimekuficha miaka kumi, na siwezi kukuacha uende kusomea mambo ya dawa bila kulijua.

Nianzie mbali kidogo.

Unajua kwa nini nyumba hii huongea Kiswahili. Baba yako alipotoka kwao ziwani kuja kuwa fundi wa mashine kiwandani, hakujua hata neno moja la Kikipsigis, na mimi sikujua la Kijaluo. Kiswahili chenyewe tulikuwa tumekiokota shuleni na sokoni. Mimi nilikuwa nikisema "tawa" badala ya "dawa", naye alikuwa akinicheka mpaka anashika ukuta. Lakini kilitutosha. Tulipendana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, tukakulea kwa Kiswahili. Kitu kimoja tu kilikataa kuingia katika lugha yetu ya nyumbani, nacho ni miti.

Mimi miti nilifundishwa na kogo, yule nyanya yangu aliyenilea. Ule mmea wenye miiba pembeni mwa boma alinifundisha kuuita tangaratwet. Baba yako siku ya kwanza kuuona alisema, "Ah! Ogaka!" Mwalimu wa shule ya hapa akasema kitabu chake kinauita mshubiri. Na pale Chepilat sokoni kila mtu anasema alovera. Mmea mmoja, majina manne. Tulicheka sana. Haikutuingia akilini kwamba jambo hilo lina upande wa pili, kwamba jina moja pia linaweza kubeba miti miwili.

Kogo alilijua hilo. Sikumbuki hata siku moja akimpa mtu jina la mti akamwacha aende nalo. Mama akija na mtoto mwenye vipele, kogo alichukua fimbo yake, akatembea naye mpaka kwenye mti wenyewe, hata kama ni ng'ambo ya mto, akamshikisha jani, akamnusisha. "Jina likienda peke yake linapotea njia," alikuwa akiniambia. Nilidhani ni uzee. Nilidhani hana shughuli nyingine.

Wewe ulipoanza shule nilikuwa tayari na meza yangu Chepilat, siku za soko, pale karibu na wauzaji wa ndizi wanaotoka upande wa Nyamira. Nilikuwa nauza unga wa majani, magome, sabuni ya alovera na mafuta ya kupaka. Na nilikuwa na mdomo, mwanangu. Mdomo wangu ndio uliokuwa dawa kubwa kuliko zote. Nilisema, "Hii inasafisha damu." Nilisema, "Hii inatoa sumu yote mwilini." Mtu akiniuliza kama ina madhara, nilimjibu, "Madhara ya nini, mama? Hii ni asili." Kama ungeniuliza damu inasafishwaje, au hiyo sumu ni ipi na inatokea wapi, ningekuangalia tu. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kwa wengine na nikaona yanauza.

Nilipata onyo la mapema, na sikulisikia. Unajua alovera ukiikata hutoa kwanza maji ya manjano, machungu, kabla hujafikia ule ute mweupe wa ndani. Kogo alikuwa akiyasimamisha majani kwenye beseni mpaka manjano yote yatoke, ndipo akwangue ute. Msimu mmoja nilikuwa na haraka, nikasaga vyote pamoja. Mwalimu mmoja wa chekechea alijipaka, na Jumatatu akaja mezani uso umevimba, mwekundu kama nyanya. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Hiyo ni dawa inafanya kazi. Uchafu unatoka." Aliniamini. Aliendelea kujipaka siku tatu zaidi kwa sababu ya sentensi yangu moja.

Sasa nifike kwa Faith.

Faith unamjua, ulicheza naye mpira wa kati tangu mkiwa wadogo. Unajua pia kwamba alikuwa darasa lako, halafu mwaka mmoja akabaki nyuma. Tulikuambia aliugua malaria. Hakuugua malaria.

Wakati huo mama yake alikuwa mchuma chai, wanaishi kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai chini ya barabara. Alikuwa mgeni kwetu, ametoka upande wa Bomet, mwanamke mkimya, msafi, aliyependa kusoma. Akikuta gazeti lililofungiwa nyama atalisoma mpaka kwenye madoa ya damu. Tulikuwa marafiki. Siku moja ya soko alikuja mezani na Faith. Mtoto alikuwa na mashilingi usoni na mikononi, yale mabaka ya mviringo yanayowasha, amejikuna mpaka yametoa maji.

Mimi hilo nilikuwa nalitibu kwa kuogesha na maji ya mwarubaini. Nilikuwa nanunua majani yake makavu kwa mama mmoja aliyeyatoa kule chini kwenye joto. Siku hiyo yalikuwa yameniishia. Mama Faith akasema, "Basi nitakuja wiki ijayo." Na mimi, kwa kuwa sikutaka aondoke mikono mitupu, nikasema, "Wiki ijayo ya nini? Si mwarubaini uko pale kwenu kwenye laini, karibu na bomba la maji?"

Kuna mti pale ambao kila mtu aliuita mwarubaini. Mimi nilikuwa nimeuona kwa mbali tu, nikipita barabarani. Sikuwahi kuusogelea, wala kushika jani lake.

Mteja akaja upande wa pili, nikawa na haraka. Nikachana kipande cha karatasi ya sukari, nikamwandikia juu ya goti. Niliandika: Chemsha mwarubaini, anawe asubuhi na jioni, kidogo kidogo. Hivyo ndivyo nilivyokusudia kuandika. Nikampa, akakunja, akaniambia, "Asante, Mama Atieno. Mungu akubariki."

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, jirani yake alikuja mbio kuniita. Nilimkuta Faith kitandani anatapika, mate yanamtoka, mikono na miguu inatetemeka kama mtu aliyelala kwenye baridi. Macho ameyafungua lakini hanioni. Mama yake amempakata, anasema, "Mama Atieno, nimempa kama ulivyosema. Amekunywa asubuhi na jioni kama ulivyosema."

Amekunywa!

Watu walikuwa wanatafuta gari. Mama Faith akatoka nje kufunga mtoto kwenye leso, na mimi nikabaki chumbani peke yangu kama dakika moja. Kwenye meza kulikuwa na sufuria, na ndani yake matawi na matunda madogo ya manjano yaliyochemka. Na chini ya sufuria, ile karatasi yangu. Niliivuta nikaisoma. Atieno, mimi niliyeiandika kwa mkono wangu sikuweza kusema neno lile ni "anawe" au "anywe". Herufi moja, na ile herufi ilikuwa imekaa kama a iliyoanguka, au kama y iliyokatwa mkia. Mtu mwaminifu angeweza kusoma vyote viwili. Na mbele yake nimeandika "kidogo kidogo". Nani anawa kidogo kidogo?

Niliiingiza ndani ya sweta yangu.

Hospitalini tulipokelewa na daktari mwembamba, mwanamke kijana, anaongea haraka. "Amekula nini? Amekunywa nini?"

"Mwarubaini," akasema Mama Faith. "Mama Atieno aliniandikia."

Daktari akanigeukia. "Uliandika anywe?"

"Niliandika anawe," nikasema. "Anawe uso na mikono."

"Karatasi iko wapi?"

"Niliiacha mezani," akasema Mama Faith, akiniangalia.

"Sikuiona," nikasema.

Nilikuwa naihisi kifuani, inanichoma kama kaa la moto. Mama Faith akasema, polepole sana, "Basi labda ni mimi nilisoma vibaya."

Nikamwacha aseme hivyo.

Daktari hakuwa na muda wa karatasi. Aliniuliza, "Mwarubaini gani? Sehemu gani ya mti? Majani, magome, matunda? Kiasi gani?" Maswali hayo yote, na kwenye karatasi yangu sikuwa nimeandika jibu hata la moja. Mwanamke aliyejulikana Chepilat nzima! Ningesema sijui. Ningesema, mama, mimi ule mti sijawahi kuushika, tuma mtu akaulete. Lakini niliogopa, nikafanya ile kazi niliyoizoea, nikaongea. Nikasema, "Mwarubaini ni mwarubaini tu, daktari. Ni asili. Hata watoto wachanga wanaogeshwa nao. Haudhuru mtu. Tafuteni sababu nyingine."

Na kwa sababu nilisema kwa nguvu, wakatafuta sababu nyingine. Wakampima malaria. Wakauliza kama alicheza karibu na dawa ya kupulizia mimea. Wakauliza kama nyumbani kuna sumu ya panya, wakamtuma mtu akaangalie. Masaa matano, Atieno. Kutoka saa nne mpaka saa tisa mtoto anatetemeka, na mimi nimekaa kwenye benchi na karatasi kifuani, naomba Mungu amponye ili nisiulizwe tena.

Baba yako ndiye aliyemwokoa. Alipotoka zamu akasikia habari kwa watu wa laini, hakuja moja kwa moja hospitali. Alienda kwanza kwenye bomba la maji. Aliingia wodini na tawi zima mkononi, lina matunda, bado ana mafuta ya mashine kwenye mikono.

"Daktari," akasema, "hii ndiyo wamechemsha. Hii si mwarubaini. Mwarubaini unataka joto, baridi hii ya huku hauiwezi. Hii kwetu tunaita dwele. Ni ya kivuli na mbao. Nguruwe akila haya matunda anakufa."

Daktari akachukua lile tawi, akaenda nalo dirishani, akapiga simu kwa mtu, akalieleza lile tunda mara mbili. Tangu hapo mambo yakaenda mbio. Baadaye alituambia miti hiyo miwili ni ya ukoo mmoja na majani yake yanafanana, ndiyo maana watu huku juu wameupa mmoja jina la mwenzake.

Faith alifungua macho siku ya pili, akaomba uji. Alikaa hospitali karibu wiki mbili. Mikono ilimtetemeka mpaka Krismasi, akawa hawezi kushika kalamu, ndiyo maana akarudia darasa. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Uliniuliza kwa nini siendi tena Chepilat, nikakuambia soko linajengwa upya. Ulikubali, kwa sababu mtoto hukubali. Ile karatasi niliichoma kwenye jiko siku hiyo hiyo tuliporudi.

Miaka miwili sikuuza kitu. Nilichuma chai yetu, nikakamua ng'ombe, nikaimba kanisani. Watu waliponiuliza dawa nilisema nimeacha. Lakini nilijua kuacha hakujarudisha kitu chochote. Ujuzi wa kogo ulikuwa bado kichwani mwangu, nusu yake dhahabu, nusu yake kelele zangu mwenyewe, na sikuweza tena kutofautisha. Basi siku moja nilinunua daftari, nikarudi hospitali, nikakaa kwenye foleni kama mgonjwa mpaka nikamfikia yule daktari mwembamba.

"Unaumwa wapi?" akaniuliza.

"Siumwi," nikasema. "Nifundishe maneno."

Alinikumbuka. Nilidhani atanifukuza. Akaangalia daftari langu, akasema, "Mimi miti yenu siijui, na wagonjwa wanakuja hapa kila siku wameshainywa. Nikikufundisha maneno, na wewe utanionyesha miti?"

Nikasema ndiyo. Ndiyo sababu ulikuwa unaniona naondoka Alhamisi alasiri na kikapu cha matawi, na baba yako anakuambia mama ameenda kuona mgonjwa.

Alinifundisha kwamba kutibu si kutuliza, na kutuliza si kulainisha. Mimi nilikuwa nayasema yote matatu kama ni neno moja. Mafuta ya parachichi yanalainisha ngozi kavu, hilo naweza kusimama nalo mbele ya mtu yeyote. Ute wa alovera uliotolewa manjano unaweza kutuliza ngozi iliyochomwa na jua. Kutibu ni neno zito. Kabla hujalisema lazima ujue kwanza mtu anaumwa nini. Nikagundua hata hilo silijui. Kwangu kila kitu kilikuwa mashilingi. Akanionyesha kwamba yale mabaka ya mviringo, ambayo kwa Kiswahili cha vitabu ni choa, huambukiza, na yule mwenye ukurutu haambukizi mtu, na ukimpaka wa pili dawa ya wa kwanza unaweza kumwongezea shida. Chunusi si vipele vya joto. Kidonda kilichopasuka hakipakwi kitu kwa sababu tu jirani alipaka.

Aliniambia nisiandike "kidogo" tena maishani. Kidogo cha mama mwenye watoto saba ni kikombe. Niandike kijiko, niseme kijiko gani.

Na akanipa majina marefu, yale ya Kilatini. Nilikataa mwanzoni. Nilisema hayo ni ya wazungu. Akasema, "Hayo si ya mtu yeyote, ndiyo uzuri wake. Hakuna kijiji kinachoyaongea, kwa hivyo hakuna kijiji kinachoweza kuyapa mti mwingine." Nikayaandika, moja moja, mbele ya jina la Kikipsigis, la Kijaluo na la Kiswahili. Ukiwa kidato cha kwanza ulianza kunisomea kutoka kwenye simu, unanisahihisha matamshi, unacheka. Hukujua nilikuwa nikilipa deni gani.

Niliporudi Chepilat nilirudi na vitu vya kupaka na kuogea tu. Wateja wengi walinikimbia. Mwanamke anataka kusikia "inaondoa madoa yote," na mimi namwambia, "Inalainisha. Usiinywe. Usipake kwenye kidonda. Jaribu kwanza ndani ya mkono mpaka kesho, ikiwasha nawa, uache." Jirani wa meza aliniambia, "Mama Atieno, wewe unafukuza watu na mdomo." Nikamjibu kwamba mdomo huo huo ndio uliowaita vibaya. Polepole wakarudi, si wote. Waliorudi hawajaondoka.

Sasa soma lebo yako kwa macho haya. Uliandika: Asili asilimia mia. Haina kemikali. Inatibu magonjwa yote ya ngozi. Salama kwa watoto wachanga.

Ni wewe uliyeniambia ukiwa kidato cha tatu kwamba hata maji ni kemikali. Na yale matunda ya manjano karibu na bomba, Atieno, yalikuwa asili asilimia mia. Umeniandika mimi ya zamani kwenye chupa ishirini na nne, kwa herufi nzuri za kuchapishwa, na hukujua kwa sababu sikukuambia. Kosa la lebo hizo ni langu kabla halijawa lako. Chupa zenyewe ni nzuri. Nilikamua na kuchuja kwa mkono wangu. Zipeleke, uziandike upya wewe mwenyewe, na usiandike neno ambalo mtu akikuuliza "maana yake nini?" utaanza kuongea kwa nguvu. Ukijisikia unaongea kwa nguvu, jua hujui.

Huko utakutana na watakaocheka ukisema kogo wa mama yako alijua miti. Usimkane. Yule mzee hakujua herufi, lakini hakuua mtu, kwa sababu alikuwa tayari kutembea mpaka mtini. Na ukirudi likizo utawakuta wa huku wanaosema umechukuliwa na dawa za dukani. Hao pia usiwaogope. Umetoka kwa watu wa lugha mbili, umezoea kusimama katikati ukiwaeleza wote.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nikuandikie leo badala ya kukuambia tukila.

Juzi nilimwambia baba yako habari ya karatasi. Akasema tu, "Umeniambia mimi. Si mimi uliyemwibia." Leo asubuhi, baada ya kumaliza kubandua zile lebo, wewe ukiwa bado umelala, nilivaa viatu vya mvua nikashuka mpaka kwa Mama Faith. Siku hizi wamejenga kwao, hawako tena kwenye laini. Nilimkuta anaosha mikebe ya maziwa nje. Alitaka kuniletea kiti, nikamwambia nitasimama.

Nilimwambia yote. Nilimwambia ile karatasi niliichukua mimi. Nilimwambia ilikuwa kifuani mwangu daktari alipouliza. Nilimwambia, "Hukusoma vibaya, Mama Faith. Maandishi yalikuwa mabaya. Hata mimi sikuweza kuyasoma."

Aliweka mkebe chini. Hakupiga kelele.

"Miaka kumi," akasema.

"Miaka kumi."

"Unajua mimi simpi huyu mtoto hata panadol bila kumwita mtu anisomee pakiti? Unajua barua za shule napeleka kwa jirani? Kanisani wameniomba mara ngapi nisome somo, nikakataa, wewe ukiwa umekaa hapo hapo benchi ya nyuma yangu. Ulidhani ni nini? Ulidhani ni haya?"

Sikuwa nalijua hilo, Atieno. Nilidhani nilificha karatasi tu. Kumbe nilimchukulia mwanamke macho yake.

"Faith!" akaita. Faith akatoka jikoni, mrefu vile, mikono imejaa unga. "Sema tena," mama yake akaniambia. "Sema mbele yake, kwa sababu nimemwambia maisha yake yote kwamba ni mimi."

Nikasema tena. Ilikuwa ngumu kuliko mara ya kwanza. Faith alisikiliza mpaka mwisho, akamwangalia mama yake, si mimi. Akamwendea, akamshika bega kwa ile mikono ya unga.

"Sasa nenda," Mama Faith akaniambia.

Nikaenda. Sikuomba anisamehe, kwa sababu niliona ningekuwa namwomba kitu kingine tena juu ya kile nilichochukua. Nilikuwa nimefika langoni aliponiita.

"Mama Atieno!"

Nikageuka.

"Kesho ni nani anasoma kanisani?"

Nikasema sijui, nafikiri ni mke wa mzee wa kanisa.

"Mwambie apumzike," akasema. "Nitasoma mimi."

Kesho gari lako litakapokuwa linapita Sotik, mimi nitakuwa nimekaa benchi ya nyuma yake, nikisikiliza kila neno. Nenda, mwanangu. Nenda ukasome.

Ni mimi mama yako,
Rael